Waya umechomeka au umechomekwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina studio ndogo nyumbani kwangu, Ngamiani hapa Tanga, narekodi kaswida na taarab za vijana wa mtaani. Ukutani nimembandikia msaidizi wangu karatasi: "Kabla ya kazi hakikisha vipaza sauti vimechomeka nyuma, hedifoni mbele." Siku ya kwanza alinipigia simu kuuliza kama spika zimeungua. Siku ya pili nilimkuta ameshika maikrofoni, anaitafutia tundu nyuma ya intafesi, kile kisanduku kinachounganisha maikrofoni na spika na kompyuta. Kosa ni langu au lake? Na je, ningeandika "monita" ingekuwa bora?

JIBU: Marahaba. Kosa si la kijana. Sentensi yako ina maneno mawili yenye maana mbilimbili, na yeye kila mara ameshika maana iliyo halali kabisa.

Tuanze na kuchomeka. Kitenzi choma kina maana mbili kubwa: kudunga kwa kitu chenye ncha (mwiba umenichoma) na kuunguza (choma mahindi). Ukikitia katika kauli ya kutendeka unapata chomeka: mahindi yamechomeka, yaani moto umeyapata. Lakini iko chomeka nyingine: chomeka kisu alani, chomeka kijiti ardhini. Hii lazima iwe na mtu anayechomeka na kitu kinachochomekwa. Hiyo -eka yake haina uhusiano na kutendeka. Ni ndugu ya -ika tunayoiona katika bandika, pachika, anika na funika, vitenzi vya kukiweka kitu mahali kikae.

Ushahidi wangu ni vinyume vyake. Bandika ina bandua, pachika ina pachua, anika ina anua, funika ina funua. Chomeka ya waya nayo ina chomoa. Mahindi yaliyochomeka hayachomoleki. (Kwa nini si "chomua"? Kwa sababu o ya mzizi huigeuza u inayofuata nayo iwe o. Irabu e haina nguvu hiyo, ndiyo maana mtego hutegwa kisha ukateguliwa. Napenda sana kanuni hii. Kila mzungumzaji anaifuata bila kufundishwa.)

Kwa hiyo "vipaza sauti vimechomeka" kwa msomaji makini ni habari ya moto. Ulichotaka ni vimechomekwa. Najua wengi wetu husema "waya umechomeka" wakimaanisha umeingia, na nadhani kinachotuponza ni chomoka. Waya huchomoka wenyewe, mtu akiukwaa. Basi tunadhani na kuingia nako unaingia wenyewe. Mkiwa chumbani pamoja, kidole kinaelekeza kwenye waya, mtaelewana. Kwenye karatasi ya ukutani, tena ya vyombo vya umeme, mimi nisingeiandika.

Chomekea ni jambo jingine: mwanafunzi huchomekea shati, na dereva huchomekea gari kwenye foleni ya wenzake. Iache.

Sasa kipaza sauti. Hapa ndipo tatizo kubwa lilipo, na haliko kwako peke yako, kwa sababu jina hili tumelipa maikrofoni na tukalipa spika pia. Msikitini au kwenye mkutano wa hadhara halileti madhara. Sauti inaingia huku inatokea kule, na chombo chote kwa pamoja kinapaza. Studio ni tofauti. Kimoja kinaingiza sauti kwenye intafesi, kingine kinaitoa, na matundu yao hayabadilishani. Jina linalofunika vyote viwili halimsaidii mtu anayetafuta tundu. Andika maikrofoni na spika. Usihofu kwamba spika ni wa Bunge pia: Spika amewasili, spika imewashwa, upatanisho umekwisha kuwatenganisha.

Monita je? Monita wa darasa tunamwondoa kwa upatanisho huohuo. Wanabaki wawili, skrini ya kompyuta na spika ya kusikilizia, na wote ni monita imezimika, monita zimezimika. Tena kwako naamini vyote vimekaa juu ya meza moja. Mafundi wakiwa wenyewe waendelee kusema monita. Kwa kijana anayejifunza, spika za studio linatosha. Intafesi liache lilivyo. Kiolesura, tafsiri yake, limezoeleka kwa sura ya programu kwenye skrini.

Kuna neno hukuliuliza lakini nalisikia kila ninapoingia studio: "waya wa stereo". Jeki nene ya hedifoni (kichwa cha waya kinachoingia tunduni), ile ya milimita 6.35, ina ncha, pete na shina. Waya mzuri wa spika za studio nao una jeki ya vipande vitatu, kwa macho ni pacha wake. Kazi ndiyo inayotofautiana. Katika hedifoni ncha hubeba sauti ya kushoto na pete ya kulia, kwa hiyo stereo ni jina lake la haki. Waya wa spika hubeba sauti ya upande mmoja tu, mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa, ili kelele iliyodakwa njiani ijifute mwishoni. Ndiyo sababu spika mbili zinadai waya mbili. Ukimwambia kijana "leta waya wa stereo" ataleta mmoja na atakuwa amekutii.

Karatasi yako ningeiandika hivi:

"Punguza sauti yote kwanza. Waya wa spika ya kushoto uchomekwe nyuma ya intafesi, tundu la kushoto; wa kulia, tundu la kulia. Hedifoni ichomekwe mbele, kwenye tundu lenye alama yake. Washa intafesi, kisha spika. Wakati wa kuzima, anza na spika. Maikrofoni ikiwa wazi, nyamazisha spika, usikilize kwa hedifoni."

Mpangilio wa kuwasha usiubadilishe: spika zikitangulia, kishindo cha intafesi inapoamka huzipiga. Na spika zisiponyamazishwa, sauti yake hurudi ndani ya maikrofoni, pengine ikapiga mluzi.

Ongeza maneno machache baada ya "spika ya kushoto", kueleza ni kushoto kwa nani. Spika imekugeuzia uso kama mtu, na kijana akisimama nyuma ya meza kuchomeka waya, kushoto kwake si kushoto kwa msikilizaji. Andika "spika ya kushoto kwako ukiwa umeketi mbele ya skrini".