Maswali ya Wasomaji: Bunduki Kongwe za Wadunguaji

Nimeonyeshwa bunduki ya Kiingereza inayodaiwa kuwa Lee-Enfield No. 4 Mk I (T), yaani toleo la mdunguaji lenye darubini, nayo ina herufi TR. Muuzaji anasema hiyo inatosha kuthibitisha kuwa ni ya mdunguaji. Je, ni kweli?

Haitoshi. Herufi TR ziligongwa kiwandani kwenye shingo ya chuma inayoshika kitako, upande wa kushoto, kuonyesha kuwa bunduki hiyo imeteuliwa kwa usahihi wake ili iende kugeuzwa kuwa ya mdunguaji. Kuteuliwa ni jambo moja, kugeuzwa ni jingine. Baada ya kugeuzwa, iligongwa T ubavuni kushoto mwa mwili wa bunduki. Nyingi ziligeuzwa na kampuni ya Holland & Holland, na alama yao, S51, huonekana chini ya kitako. Ila usiikatae bunduki ya Long Branch, kiwanda cha Kanada, kwa kukosa S51. Hizo ziligeuzwa Kanada kwenyewe.

Hata hivyo, herufi ni kazi ya nyundo na chuma chenye ncha, na mwenye vifaa hivyo hakosi. Kwa hiyo tazama kazi iliyofanywa kwenye chuma. Vikalio viwili vya darubini (vipande vya chuma ambavyo darubini hufungwa juu yake), cha mbele na cha nyuma, viko upande wa kushoto. Vilifungwa kwa skrubu, na skrubu hizo ziligongwa pembeni zisilegee. Chukua kioo cha kukuzia: mfuo wa kichwa cha skrubu ukiwa mpya na mkali ilhali chuma kilichouzunguka kimechakaa, au alama za kugonga zikiwa zinang'aa, shuku. Tazama pia shabaha ya nyuma, yaani kifaa cha kulengea kilicho nyuma ya mwili wa bunduki. Tundu la kulengea karibu lilisagwa ili bamba la shabaha hiyo lisigonge darubini. Tundu hilo likiwepo zima, basi sehemu hiyo imetoka kwenye bunduki ya kawaida.

Kisha linganisha namba. Namba ya bunduki huandikwa kwenye braketi inayoshika darubini, na namba ya darubini hugongwa juu ya shingo ya mti ya kitako. Ukikuta namba ya zamani imepigwa mstari na nyingine kugongwa kando, usiogope: darubini iliharibika ikabadilishwa jeshini, na tunaiona hiyo kuwa dalili njema, kwa kuwa mghushi hupenda namba moja safi. Kumbuka kwamba vikalio vilimaliziwa kusagwa juu ya bunduki yenyewe, hivyo braketi ya bunduki moja huenda isikae sawasawa kwenye nyingine. Braketi inayochezacheza au iliyowekewa kipande cha bati chini yake huenda imetoka kwingine, hata kama namba zinalingana.

Nina Remington M1903A4, bunduki ya wadunguaji wa Marekani, lakini imeandikwa "03-A3", jina la bunduki ya kawaida. Nimeuziwa bandia?

La, hivyo ndivyo zilivyotoka kiwandani, na kama ingeandikwa A4 ndipo ungepaswa kuhangaika. Kinachoitofautisha ni mahali pa maandishi. Kwenye 03-A3 ya kawaida yako juu ya mwili wa bunduki. Kwenye A4 yalisogezwa, jina la modeli upande mmoja na namba upande wa pili, ili kikalio cha darubini cha kampuni ya Redfield kisiyafunike. Mtu anayetaka kuigeuza A3 hulazimika kusaga na kugonga upya, na kusaga huacha bonde ambalo ncha ya kidole hulihisi kabla ya jicho kuliona. A4 pia haikuwekewa shabaha ya mbele. Angalia namba: zinazojulikana ziko kati ya 3407088 na 3427087, kati ya 4992001 na 4997045, na kuanzia Z4000000 hadi Z4002920.

Na M1D, toleo la mdunguaji la bunduki ya Kimarekani ya Garand, je?

Hapa tuseme wazi: chuma peke yake hakitoshi. M1D ilitengenezwa kwa kubadilisha mtutu tu, ukawekwa wenye kikalio cha darubini, na mwili wa bunduki haukuguswa. Mtu akipata mtutu halisi wa M1D na kuufunga kwenye Garand yoyote, hutaona tofauti. Hati ya mauzo kutoka serikalini au Civilian Marksmanship Program, shirika la Marekani linalouzia raia bunduki za zamani za jeshi, yenye namba ya bunduki hiyo ndiyo ushahidi. Bila hati, lipa bei ya Garand ya kawaida pamoja na thamani ya vipuri, usizidishe. M1C, toleo jingine la mdunguaji la Garand, ni afadhali, kwani mwili wake ulitobolewa kwa ajili ya kikalio.

Mosin-Nagant 91/30 yangu, bunduki ya Kisovieti, ina vitobo vilivyozibwa ubavuni kushoto. Nivizibue na kurudisha darubini ya PU, ile ya wadunguaji wa Kisovieti?

Kwanza hakikisha ni vya kweli. Toa bolti, mulika ndani ya ukuta wa kushoto: vizibo vya karakana za Kisovieti vililehemiwa na kusawazishwa, na duara zake huonekana vizuri zaidi ndani kuliko nje. Kwa bunduki nyingi za kiwanda cha Izhevsk, namba ya darubini iligongwa kushoto mwa shina la mtutu. Ukiiona hapo, una iliyokuwa ya mdunguaji.

Ushauri wetu ni uiache ilivyo. Kuvunja kizibo ni kufuta kazi halisi ya jeshi, na kikalio kipya kitaifanya ifanane na maelfu yaliyotobolewa juzi. Kisanduku chenye mstari wa mshazari ni alama ya karakana ya ukarabati. Bunduki zilizopita huko mara nyingi zilipewa darubini nyingine, hivyo namba kutofautiana si ushahidi wa ughushi. Kinachotutia shaka zaidi ni bolti: mpini halisi ulirefushwa na kupindwa ili usigonge darubini, lakini mpini wa kawaida uliokatwa na kuchomelewa huacha mshono karibu na shina.

Darubini yangu ya No. 32, ile ya Lee-Enfield, ina ukungu. Niifungue nisafishe?

Usiifungue. Mulika tochi upande mmoja, tazama upande wa pili. Ukungu ulio sawa kote ni mvuke wa grisi ya zamani, na fundi wa vioo atauondoa. Lakini ukiona rangi za upinde wa mvua au matawi yanayoingia kutoka ukingoni, gundi inayounganisha vioo viwili imeachana. Gundi hiyo ni utomvu wa mti, na spiriti huiyeyusha, kwa hiyo tone lililopenya ukingoni litazidisha pale ulipotaka kuponya. Futa kioo cha nje tu kwa kitambaa laini kikavu, baada ya kupuliza vumbi. Skrubu na pete zake zinahitaji vifaa vyake maalumu; koleo huacha makovu ambayo mnunuzi ajaye atayaona kabla ya kitu kingine chochote.