Kipimo cha mkojo hakisemi lolote kuhusu koo

SWALI: Daktari, mwenzangu amekutwa na kisonono. Mimi nimepima mkojo, nikaambiwa sina kitu. Ila mara nyingi tunafanya ngono ya mdomo, na nimesikia kisonono hukaa hata kooni. Koo langu haliumi. Ni mambo gani yanayomweka mtu hatarini? Na dawa ya kusukutua inakinga?

JIBU: Ndugu yangu, rudi ukapime koo. Mkojo unaonyesha kilichopo kwenye njia ya mkojo tu. Bakteria aliyejificha kwenye tonsili haonekani huko. Koo hupimwa kwa kijiti cha pamba kinachopitishwa nyuma ya ulimi, sekunde chache tu. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba umefanya ngono ya mdomo, maana usiposema, wengi hawaulizi.

Kutoumwa koo kusikutulize. Karibu watu 9 kati ya 10 wenye kisonono cha koo hawahisi chochote, na ndiyo maana kinasambaa kimyakimya. Tena koo likiuma, mara nyingi ni virusi vya mafua tu.

Hatari kubwa kuliko zote ni kunyonya uume wa mtu aliyeambukizwa, kwa kuwa bakteria hufikishwa pale pale kooni. Wengi hudhani asipomwaga mdomoni hakuna neno, si kweli. Kulamba uke au njia ya haja kubwa nako huambukiza, ingawa kwa uke uwezekano ni mdogo zaidi. Busu la ndimi lilipuuzwa kwa miaka mingi, lakini tafiti za Australia kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume zimelihusisha na kisonono cha koo. Kwa kikombe au kijiko usihangaike.

Yaliyobaki yanategemea uwezekano wa kukutana na mwenye ugonjwa: wapenzi wengi, mpenzi mpya, kutotumia kondomu kwenye ngono ya mdomo (nani huitumia, kusema kweli?), umri chini ya miaka 25. Aliyewahi kuugua kisonono naye yumo, kwani mwili haujengi kinga ya kudumu. Unapona leo, mwezi ujao unakipata tena. Kwako wewe orodha hii haina uzito sana. Mwenzako anacho, basi.

Dawa ya kusukutua? Ilijaribiwa Australia kwa watu walioitumia kila siku, haikupunguza maambukizi. Itakupa pumzi nzuri, si zaidi.

Kwa kuwa mlikuwa pamoja, daktari anaweza kukutibu hata kabla ya majibu. Kwa kawaida ni sindano moja ya seftriaksoni. Usinunue vidonge kwa kubahatisha: koo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuisafisha, dawa nyingi hazifiki huko kwa kiwango cha kutosha. Isitoshe, kooni wanaishi bakteria wa ukoo huohuo wasio na madhara, na hao wanaweza kumrithisha wa kisonono vinasaba vya usugu wa dawa.

Baada ya sindano, kaeni siku 7 bila ngono ya aina yoyote, wote wawili mkiwa mmeshatibiwa. Kipimo kikionyesha kwamba koo lilikuwa nacho, lipimwe tena kati ya siku ya 7 na ya 14. Ukilipima mapema mno, mabaki ya bakteria waliokufa yanaweza kutoa jibu la uongo.