Las Vegas kwa msiocheza kamari

Mkuu, umeuliza kama wewe na shemeji mtaboreka Las Vegas kwa kuwa hamchezi kamari. Naishi huku Marekani, nimefika pale mara kadhaa, na sijawahi kutia hata senti kwenye mashine zao. Kuboreka? Labda miguu ndiyo itachoka.

Elewa kwanza mtego wenyewe. Hoteli za The Strip, barabara kuu ya kasino, zinashindana kuwavuta wapita njia waingie ndani, na karibu kila kizuri kimewekwa ili ukifikie kwa kukatiza kasino. Basi kuleni chambo, ndoana muiache. Anzeni Bellagio. Chemchemi zake hurusha maji kwa kufuata muziki, bila kiingilio, na usiku hamtasubiri sana onyesho jingine kuanza. Ukumbi wa mapokezi una dari la maua ya kioo zaidi ya 2,000, kazi ya msanii wa kioo Dale Chihuly. Pitiliza, utakuta bustani ya ndani ambayo mapambo yake hubadilishwa kila msimu. Hapo shemeji atapiga picha mpaka simu ijae. Ng'ambo ya barabara kuna Mnara wa Eiffel, nusu ya kimo cha ule wa Paris. Wenyewe haukunisisimua, ila ukilipia kupanda, chemchemi zinaonekana vizuri ajabu.

Jirani ni hoteli ya Flamingo, iliyofunguliwa 1946. Uani wamefuga heroe, yaani ndege flamingo, kuwaona ni bure. Aliyezoea Nakuru atacheka, lakini kivuli cha pale utakishukuru, maana Julai joto linavuka nyuzi 40. Lile tufe la Sphere, ukumbi wa maonyesho wa mwaka 2023, ngozi yake yote ni skrini. Litazameni kwa nje usiku, tiketi za ndani ni ghali.

Msidanganywe na macho: hoteli inayoonekana hapo tu yaweza kuwa nusu saa kwa miguu. Basi la Deuce linapita usiku na mchana.

Ila kwangu mimi utamu uko nje ya mji. Kodini gari mwende Red Rock Canyon, kama kilomita 27 magharibi, mkazunguke kwenye miamba myekundu. Kuanzia Oktoba hadi Mei lazima uweke nafasi kabla ya kuingia na gari. Siku nyingine nendeni kwenye bwawa la Hoover Dam, mwendo usiofika saa moja. Ukuta una urefu wa mita 221 kwenda juu, na kutembea juu yake hakulipiwi. Mpaka wa Nevada na Arizona unapita hapohapo. Wakati wa baridi saa za pande mbili hutofautiana kwa saa nzima, na kila upande una saa yake mnarani.

Kuhusu malazi, katikati ya wiki vyumba huwa nafuu. Linganisha jumla, si bei ya chumba peke yake, kwani hoteli nyingi huongeza ada ya kila usiku. Na kama shemeji hapatani na moshi wa sigara, Park MGM hawaruhusu kuvuta hata ndani ya kasino.