Kuponi za mahitaji ya nyumbani: usitoe hela ya kodi kwenda kujaza stoo

Usiitoe hiyo hela. Kama bado iko kwenye akaunti iache huko huko mpaka umalize kunisoma.

Umeuliza apu gani ya kuponi, zile hati za kukupunguzia bei dukani, ni nzuri, faili la kuzipangia liweje, na kama ni sawa kuchukua hela ya kodi ya miezi miwili ununue mahitaji ya mwaka mzima kwa mkupuo, eti mwalimu wa grupu la kuponi kakuhakikishia utaokoa nusu. Hilo la mwisho ndo limenishtua mpaka nimeacha chai inapoa, kwa sababu mimi nilifanya hivyo hivyo, na maneno niliyoambiwa ni hayo hayo unayoambiwa wewe.

Mwanangu alikuwa na miezi mitano, anavaa pampasi saizi ya 3. Duka likatoa kuponi, na mkononi nilikuwa na za kampuni yenyewe inayotengeneza hizo pampasi, na kuna maduka yanakuruhusu utumie kuponi ya duka na ya kampuni kwenye bidhaa moja, kwa hiyo punguzo lilikuwa la kweli kabisa, sibishi. Nikabeba katoni 11. Nikazipanga ukutani zikakaribia dari, nikapiga picha nikaitupia kwenye grupu, watu wakanipigia makofi. Basi katoni ya nne inaishia, mtoto huyo kanenepa, zile gundi za pembeni hazifiki tena tumboni, ukilazimisha zinamwachia alama nyekundu mapajani analia. Zimebaki katoni 7 hazijafunguliwa hata moja! Duka likagoma kuzipokea, muda wa kurudisha ulishapita. Nikauza tano kwa nusu ya nilichonunulia tena kwa kubembeleza watu, mbili nikagawa. Na kodi ikafika tarehe yake kama kawaida, mwenye nyumba hapokei pampasi, nikakopa, na riba ya ule mkopo nimeilipa miezi 8. Weka riba, weka hasara ya kuuza, halafu niambie punguzo liko wapi. Sabuni ya unga nayo iliingia unyevu ikagandamana, unaichota kwa kuigonga na mpini wa kisu, ila hiyo angalau tuliimaliza.

Aliyenifundisha nina hasira naye mpaka leo. Alikuwa anatuonyesha risiti iliyoshuka mpaka karibu na sifuri na rafu zimejaa, hakuwahi kusema kwamba yeye kipato chake ni ada zetu za darasa na sio hizo kuponi. Tena akatuuzia mabunda ya kuponi! Kuponi nyingi zimeandikwa kwa maandishi madogo chini kwamba ukiiuza au kumpa mtu mwingine haifai tena, na zingine alizotuuzia zilikuwa kopi, keshia anaskani mashine inakataa, anaskani tena inakataa, foleni nzima nyuma yako inakutazama kama mwizi. Na kutumia kuponi feki huku unajua ni feki kweli ni wizi. Akikuuzia bunda usiguse.

Watu tunaichukulia kuponi kama msaada. Sio msaada, ni tangazo. Mwishoni mwa miaka ya 1880 kule Marekani Coca-Cola walikuwa wanagawa kuponi za glasi ya bure ili watu waonje, wazoee, kesho warudi na hela zao. Kazi yake mpaka leo ndo hiyo, kukufanya ununue kitu ambacho usingenunua, au ununue kingi kuliko ulivyopanga.

Sasa shika hili moja tu, mengine yote yatajipanga: orodha kwanza, kuponi baadaye. Orodha uiandike ukiwa jikoni kwako, makabati yako wazi, unaona kipi kimeisha, na kuponi hujaangalia hata moja. Ukishamaliza ndo unatafuta kuponi ya kitu kilichomo kwenye orodha. Kisipokuwemo iache ipite hata ikiwa ya asilimia 50, punguzo la asilimia 50 la kitu usichokihitaji ni kwamba umetoa nusu ya bei yake bure.

Zile za "nunua kiasi fulani tukupunguzie" ndo zilinimaliza polepole kabla ya pampasi. Piga hesabu hii: mahitaji yako ni 70, kuponi inataka ufike 100 ikutolee 10. Unazunguka unaokota vitu vya 30, unalipa 90, unatoka umefurahi, na ungelipa 70 ukaenda zako. Umetoa 20 zaidi ili upunguziwe 10. Mimi nilifanya hivyo karibu kila wiki na kila wiki nilijiona mjanja.

Na ukiwa kwenye rafu usiangalie ukubwa wa punguzo, angalia bei ya kilo moja au lita moja baada ya kuponi. Sabuni yenye jina kubwa ikiwa 140 na ile ya kawaida 100 kwa uzito ule ule, kuponi ya asilimia 20 inaishusha yenye jina mpaka 112. Bado iko juu na umeitumia kuponi vizuri kabisa.

Kuweka akiba ya ziada sikatai, ila kwa vitu unavyojua mnatumia kiasi gani kwa mwezi, visivyoharibika, na kwa hela iliyobaki baada ya kodi kulipwa. Vya mtoto usizidishe hata mwezi mmoja mbele, mtoto anakua haraka kuliko unavyodhani, yangu yalinikuta ndani ya wiki chache tu.

Kama hela ya darasa ulishamtumia huyo mwalimu, mwambie leo hii akurudishie, usingoje akuingize kwenye grupu. Na kodi kailipe kesho asubuhi kabla hujapita dukani.