Nimepandisha ujira, mbona wafanyakazi wanakataa ovataimu?

SWALI: Nasimamia karakana ya ushonaji. Tumepandisha ujira wa saa kutoka 100 hadi 120, na ovataimu bado ni mara moja na nusu. Nilidhani watu watagombea saa za ziada. Waliokuwa wakifanya saa 10 kwa wiki sasa wanafanya 4 au 5, na zamu ya Jumamosi inayodumu saa 2 hawaitaki kabisa. Je, wameingiwa na uvivu?

JIBU: Hapana, ndugu. Wamepiga hesabu, tena vizuri.

Ujira ukipanda humvuta mtu pande mbili. Saa ya kupumzika sasa inamkosesha fedha nyingi zaidi, kwa hiyo anavutwa kazini; wachumi huiita athari ya ubadilishanaji. Papo hapo kipato chake kimekua bila kuongeza hata saa moja, na mtu akipata nafasi hutaka pia kupumzika. Hiyo ni athari ya kipato. Upande upi utashinda hutegemea fedha umeiweka wapi.

Chukua wiki ya fundi mmoja. Awali saa 40 zilimpa 4,000, na saa 10 za ziada kwa 150 zikampa 1,500: jumla 5,500. Leo saa 40 pekee zinampa 4,800. Ili afike 5,500 anahitaji 700, na kwa 180 kwa saa anazipata ndani ya saa 4. Kama mahitaji ya nyumbani yalikuwa yanatimizwa na 5,500, saa 6 zilizobaki anazipeleka kwa watoto wake.

Sasa linganisha. Lau ungeacha 100 ilivyo na kulipa ovataimu mara mbili, fundi wa saa 50 angeongezewa 500 badala ya 1,100, huku kila saa ya ziada ikipanda kwa 50 badala ya 30. Mvuto wa kufanya kazi mkubwa zaidi, kwa chini ya nusu ya gharama.

Hata hivyo usiirudishe 100. Ukipokonya ulichokwisha kutoa, mafundi hodari ndio watakaotangulia kuondoka. Baki na 120, kisha lipa ovataimu mara mbili kwa majuma ya oda nyingi tu, ukitangaza tarehe ya kuanza na ya kuisha. Nyongeza ya muda mfupi haibadilishi sana kipato cha mtu cha mwaka, kwa hiyo athari ya kipato huwa ndogo na watu huzikimbilia saa hizo wakati zipo.

Jumamosi ni tatizo jingine: gharama ya kufika. Tuseme safari ni saa 1 kwenda, saa 1 kurudi, na nauli ni 60. Zamu ya saa 2 inalipa 360. Toa nauli, inabaki 300 kwa saa 4 za maisha yake, yaani 75 kwa saa. Hiyo ni chini ya ujira wake wa kawaida! Zamu ya saa 6 inamwachia 1,020 kwa saa 8, sawa na 127.5. Kwa hiyo panga Jumamosi chache zilizo ndefu, au sogeza saa hizo 2 kwenye siku ambazo tayari yuko kazini.

Kagua pia hati za mishahara. Makato yakiongezeka kadiri kipato kinavyopanda, ile 180 haifiki mkononi ikiwa 180, na fundi huamua kwa kile anachopokea. Na ratiba itoke mapema: mama anayeambiwa saa 10 jioni abaki hadi saa 1 usiku hana wa kumwachia mtoto, hata umlipe mara tatu.