Uliza Fundi: Taa ya breki haiwaki, ya spidomita ndiyo inayowaka

SWALI: Shikamoo Fundi. Baba yangu, aliyekuwa bwana shamba, ameniachia Honda C70 yake ya miaka ya sabini, ile ya volti 6. Injini haina neno, kiki moja inaitika. Shida iko nyuma. Taa ya usiku haiwaki kabisa. Nikikanyaga breki, taa ya breki nayo kimya, ila taa ndogo ya spidomita inawaka kwa mbali! Balbu za mbele nazo zinaungua ovyo. Fundi wa hapa kwetu alishaunga nyaya nyuma ya kava la betri, pana fundo la tepu kama ngumi. Amepima waya wa taa ya nyuma akasema hauna umeme, hivyo anataka auvute upya kutoka kwenye betri, au ang'oe nyaya zote aweke mpya za Kichina. Nimruhusu?
Mwalimu, Njombe

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usimruhusu, si hilo la kwanza wala la pili. Nyaya za Honda za miaka hiyo zimepita ndani ya bodi, jua na mvua havizifikii, na mara nyingi shaba yake bado nzuri. Kinachokufa ni ncha zake, na kila mahali palipopita kisu cha fundi. Ukizing'oa, unapoteza rangi ambazo mtu yeyote mwenye kitabu cha Honda anaweza kuzisoma, unabaki na pikipiki ambayo kila atakayeishika atabahatisha.

Hiyo taa ya spidomita imenipa jibu kabla sijamaliza kusoma barua. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wa wati 5 kwa usiku na wa wati 21 kwa breki, na zote zinatokea kwenye ethi moja, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, ambayo ni mwili wa balbu yenyewe. Ethi ikikatika, umeme wa breki unaingia kwenye uzi mkubwa, unakosa pa kutokea, unageukia uzi mdogo, unarudi mbele kwa waya wa kahawia hadi kwenye balbu ya spidomita, na huko ndiko unakoipata bodi. Balbu zimegawana volti 6 njiani, ile ndogo ya mbele ndiyo unayoiona. Maana yake swichi ya breki inafanya kazi na nyuzi zote mbili za balbu ni nzima. Usinunue balbu. Tafuta ethi.

Fungua kioo chekundu. Utakuta nyaya tatu: kahawia ni taa ya usiku, kijani yenye mstari wa manjano ni breki, kijani tupu ni ethi. Hapa kuna mtego ambao nimeshauona sana kwa mafundi waliojifunzia umeme wa nyumba: majumbani kijani yenye manjano ndiyo ethi, kwa hiyo mtu anaifunga kwenye bodi bila hata kufikiri. Kwenye Honda umeshapeleka umeme wa breki kwenye bodi, na siku utakapokanyaga pedali fyuzi inakwenda.

Toa balbu utazame ndani ya kikombe chake. Ukungu wa kijani au mweupe ndio mchawi wako. Sugua kwa msasa laini, pande na chini, hakikisha vile vidude viwili vya katikati vinaruka vizuri kwa springi zake. Angalia na vipini vya balbu, kimoja kiko juu kuliko kingine. Ukikuta mtu ameilazimisha kinyume, breki na taa ya usiku zimebadilishana kazi. Kisha fuata waya wa kijani. Mimi huwa siamini ethi inayotegemea boliti za taa peke yake, kwa sababu bodi imepigwa rangi mara kadhaa na kutu imejaa chini yake. Lehemu waya mpya wa milimita moja ya mraba kwenye kikombe, upeleke kwenye boliti ya bodi uliyoikwangua hadi chuma kikawa cheupe, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi ni baada ya kukaza.

Sasa pima. Mita ya umeme iwe kwenye DC, yaani umeme wa betri, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye mwili wa kikombe, mtu akukanyagie breki. Ikizidi volti 0.2, bado kuna kiungo kibovu. Utaona kama naonea, lakini hii ni volti 6: balbu ya wati 21 inavuta ampia 3.5, mara mbili ya pikipiki ya volti 12. Kiungo chenye omu 0.2 tu kinakula zaidi ya nusu volti, na lori lililo nyuma yako linaona cheche nyekundu badala ya taa.

Kuhusu waya "usio na umeme": fundi wako amepima injini ikiwa imezimwa, au mita ikiwa kwenye DC. Kwenye C70 ya volti 6, taa kubwa na taa ya nyuma hazili kwenye betri. Zinapata umeme wa AC, ule unaobadili mwelekeo kila mara, moja kwa moja kutoka kwenye magneto, dinamo inayozungushwa na injini, na betri imeachiwa breki, honi na indiketa. Washa injini, washa taa, weka mita kwenye AC, utauona umeme wenyewe. Na ndiyo sababu balbu za mbele zinakufa. Magneto ile imepangiwa wati zake. Taa ya nyuma isipokula fungu lake, ziada inakwenda mbele. Rudisha ethi ya nyuma na ugonjwa huo utapungua bila kuugusa. Kwa sababu hiyohiyo usishawishike na balbu ya LED hapo nyuma: itapepesa, na haili kitu.

Limebaki lile fundo. Chomoa betri kwanza, kisha lifumue lote. Ukikuta waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mnene, tupa, mtikisiko utauvunja ndani ya ganda na hutaona kitu kwa nje. Tumia waya wa nyuzi nyingi wenye rangi ileile, uunge kwa tominali za duara za kuchomeka au ulehemu, uvalishe mpira unaonywea kwa moto. Tepu peke yake ikipata joto la injini inageuka gundi. Na pale nyaya zinapotoboa bati kutokea nyuma, weka kipira kipya hata kama cha zamani kinaonekana kinafaa.

SWALI: Fundi, assalaam aleikum. Vespa yangu ya zamani, isiyo na betri, nikikanyaga breki injini inakata. Kabureta imesafishwa mpaka nimechoka.
Msomaji, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam. Iache kabureta, tazama balbu ya breki, bila shaka imeungua. Baadhi ya Vespa za zamani zimefungwa hivi: umeme wa koili ya moto, ile inayoipa plagi cheche, unakamilisha safari yake kwenye bodi kupitia swichi ya breki, ambayo muda wote imeunganisha njia. Ukikanyaga inaikata, na umeme unalazimika kupitia kwenye balbu. Balbu ikiwa imekufa, plagi haina moto. Kuhakikisha, chomoa waya kwenye swichi uguse bodi. Injini isipokata tena, umeshaupata ugonjwa. Weka balbu ya wati zilezile zilizoandikwa na kiwanda. Na ukibadilisha swichi usichukue ya Honda, hiyo inaunganisha unapokanyaga, kinyume na yako.