Matundu ya pleti yamehama, na madevelopa wananijibu mstari mmoja

Swali la wiki hii limetoka kwa kijana wa Mtongwe, nimelifupisha kidogo:

"Asalam aleikum kaka. Mimi nachora vibano vya kushikilia injini za boti kwa FreeCAD, ile programu ya bure ya kuchorea kwenye kompyuta, halafu karakana inanikatia pleti kwa plasma. Laptopu inatumia mfumo wa Ubuntu 22.04, programu niliiweka kwa apt, ghala ya programu ya Ubuntu yenyewe. Juzi mteja amebadilisha injini, nikarudi kwa skechi ya kwanza nikapanua pleti kutoka milimita 180 mpaka 220 na nikatoa pengo la mraba ubavuni la kupitishia nyaya. Basi matundu yakahamia ubavuni na fileti zote, zile kingo nilizozikunja mviringo, zikawa nyekundu yaani zimegoma, na nikizifuta nikaanza upya ile ya milimita 6 inakataa (pleti yenyewe ni unene wa 6). Nikawaandikia madevelopa, nikaeleza na skrinshoti nikaweka. Mmoja akajibu mstari mmoja, toleo gani na faili liko wapi. Mwengine akasema ni toponaming, mwengine akasema hizo fileti ni za OCC si zetu, halafu wakaendelea wao kwa wao sikuelewa kitu. Nimewakosea nini? Na kibano nakifanyaje, mteja ananipigia kila siku?"

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hujawakosea kitu, tena wamekujibu, na wamekujibu vizuri, ila wamekujibu kwa lugha ya kazini na lugha ya kazini ni fupi popote uendapo. Nenda pale karakana fundi ameshavaa miwani ya kuchomea umuulize jambo, hakukaribishi chai, atakwambia nipe kipimo. Hao watu watatu wamekupa mambo matatu tofauti na yote ni ya kweli, kwa hivyo tuyachukue moja moja lakini tuanze na lile la kati kwa sababu ndilo lililohamisha matundu yako.

Toponaming ni habari ya majina. Wewe ulipobofya uso wa juu wa pleti ukaweka skechi ya matundu juu yake, uliona uso wa juu. Programu haikuandika "juu", iliandika Face6, uso wa sita, na hiyo sita haikutoka kwako, imetoka wakati umbo linajengwa na nyuso zinahesabiwa moja baada ya nyingine. Pleti ya mstatili ina nyuso 6, kuta nne za pembeni na juu na chini. Ukitoa pengo la mraba katikati ya ubavu mmoja ile mistari minne ya skechi inakuwa minane, kuta zinakuwa nane, ukijumlisha juu na chini una nyuso 10. Umbo linajengwa tena toka mwanzo, hesabu inaanza tena moja, na jina la Face6 sasa limeangukia ukuta mmoja wa pembeni. Skechi yako ya matundu haijakosea njia hata kidogo, imefuata Face6 kama ilivyoambiwa, ikaenda kujibandika ubavuni.

Ni sawa na kumuelekeza mgeni Kibokoni kwa kumwambia nyumba ya tatu baada ya msikiti. Siku mtu akijenga duka hapo katikati mgeni atabisha hodi kwa jirani, na atakuwa amefuata maneno yako sawasawa. Ungemwambia nyumba yenye mlango wa nakshi na baraza iliyopakwa buluu angefika hata wakijenga maduka kumi.

Sasa hilo la kumpa mgeni alama badala ya hesabu ndilo madevelopa wa FreeCAD walilolizungumza kwa miaka na miaka. Mradi wenyewe ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na Jürgen Riegel, na toleo la 1.0 limetoka Novemba 2024, hebu hesabu hapo katikati ni miaka mingapi, na sababu moja kubwa ya kutoita 1.0 mapema ilikuwa jambo hili hili. Kuna mmoja anayejulikana kwa jina la realthunder aliandika njia ya kutatua kwenye tawi lake mwenyewe la programu, jina la uso likabeba historia yake, umetoka kwa mstari gani wa skechi ipi na kwa amri gani. Lakini tawi lake lilikuwa limeshakwenda mbali na shina, yaani msimbo mkuu wa mradi, huwezi kulichukua zima zima ukalibandika, ikabidi kazi ivunjwe vipande, kila kipande kisomwe na watu wengine, kijaribiwe, kisha ndiyo kiingie. Mimi nilikuwa nikiyafuatilia yale mazungumzo usiku baada ya kazi na nakwambia kwa moyo wangu wote ile ni kazi ya subira ambayo wengi wetu tunaotumia matunda yake bure hatuijui. Na wao wenyewe hawasemi tatizo limekwisha, wanasema limepunguzwa. Neno hilo nalipenda kwa sababu ni la ukweli, bado zipo hali umbo linavunjika.

Kwa hivyo yule aliyekuuliza toleo gani alikuwa anauliza swali la maana kuliko yote. Apt ya Ubuntu 22.04 inakupa 0.19, hilo ni toleo la 2021, kabla ya kazi yote hiyo. Ungesema 0.19 pale pale angekwambia jaribu 1.0 na mazungumzo yangekuwa mafupi.

Fanya hivi leo. Pakua 1.0 au la baadaye kwa mfumo wa AppImage kutoka kwa tovuti ya mradi, hilo ni faili moja, unaliruhusu kuendeshwa unabofya, haligusi ile ya zamani. Kabla ya kulifungua faili la kibano toa nakala uiweke kando, maana ukishalihifadhi na toleo jipya usitegemee la zamani kulisoma sawasawa. Halafu usidhani toleo jipya litayarudisha matundu yenyewe, faili lako limeshaharibika na ile alama ya historia haikuandikwa wakati unachora, itabidi uirudishe ile skechi ya matundu kwa mkono mahali pake.

Na ukiirudisha usiibandike tena juu ya uso. Ibandike kwenye zile bapa za asili, XY na wenzake, zinazokuja tayari na programu na ambazo haziendi popote hata ukatoe mapengo mia, halafu uipandishe milimita 6 kwa kipimo. Mimi nachora hivyo mpaka leo hata kwenye toleo jipya. Niliwahi kukatisha pleti tano za ngazi ya bwawa zenye matundu yaliyosogea, nilibadilisha kipimo kimoja usiku nikatuma faili bila kulizungusha kulitazama upande wa pili, na chuma kikishakatwa hakirudi. Vile vipimo vinavyobadilika kila mteja akipiga simu, upana, umbali wa matundu, viweke kwenye jedwali lililo ndani ya faili uvipe majina, ukitaka kubadilisha unabadilisha hapo pekee.

Tuje kwa fileti. OCC ni Open CASCADE, ndiyo injini ya jiometria iliyo chini ya FreeCAD. Ilianza Ufaransa kwa kampuni ya Matra Datavision na msimbo wake ukafunguliwa mwaka 1999, yaani ina wenyewe wengine kabisa. FreeCAD ikitaka kukunja ukingo haikokotoi yenyewe, inaiambia OCC ikunje, na OCC ikishindwa FreeCAD inapata jibu la kushindwa tu. Kwa hivyo aliyesema "si zetu" hakukufukuza, ni kama fundi wa boti anavyokwambia hii shida ni pampu ya dizeli mpelekee wa pampu, mimi nikiifungua naiharibu zaidi.

Zako zilikuwa nyekundu kwa sababu mbili zimekutana. Ya kwanza ni ile ile ya majina, kingo nazo zina nambari na nambari zimehama. Ya pili ndiyo inayokukatalia hata ukianza upya, fileti ya 6 kwenye unene wa 6 inakula ukuta wote mpaka ukuta unatoweka, na hapo OCC mara nyingi hushindwa kujua ukuta umekwenda wapi. Kwenye injini hiyo nukta mbili zikikaribiana chini ya milimita 0.0000001 zinahesabiwa nukta moja, sasa unaona hesabu ya kufika pale pale ukingoni bila kuzidi ilivyo nyembamba. Weka 5.9 utaona imekubali.

Lakini ngoja nikuulize mimi sasa, hiyo fileti ya nini? Pleti inakatwa kwa plasma, na mashine ya plasma inasoma mchoro bapa wa DXF, haijui ukingo wa juu umekunjwa vipi. Kona za pleti zikunje ndani ya skechi yenyewe, chora tao pale pale, ndizo zitakazofika kwa mashine. Ukingo wa kupapasa kwa mkono huo ni wa grenda, dakika mbili kazi imekwisha. Ukiziondoa fileti za ukingo kabisa umeondoa nusu ya shida zako na kibano ni kile kile. Na kama unazitaka kwa ajili ya picha ya kumuonyesha mteja basi ziwe jambo la mwisho kabisa kwenye mti wa amri, usijenge kitu juu yake.

(Na mteja akikuomba DWG mpe DXF. DWG ni mfumo wa AutoCAD na maelezo yake rasmi hayajatolewa kwa umma, ndiyo maana FreeCAD inahitaji kigeuzi cha pembeni kuusoma, na ukilitaja hilo neno mbele ya madevelopa wa CAD huria wataanza kuzungumza leseni mpaka alfajiri.)

Sasa faili. Skrinshoti inaonyesha umeumia wapi lakini haimruhusu mtu kukupima. Yule wa upande wa pili yuko nchi nyingine na saa nyingine, wengi wao wanajitolea baada ya kazi zao za mchana, na kitu cha kwanza anachotaka ni kuiona shida ikitokea kwenye kompyuta yake. Akisema "kwangu haitokei" hamaanishi wewe muongo, anamaanisha kuna kitu kati yako na yeye hakifanani na anataka kujua ni kipi, toleo, mfumo, au nyongeza uliyoweka. Ndiyo maana kuna kitu kwenye menyu ya Help, About FreeCAD, kina kitufe cha kunakili, ukibandika yale maandishi umejibu maswali sita kwa mpigo, toleo la programu, la OCC, la Qt, la Python, yote yamo. Na usiwape kibano kizima chenye mbavu na maandishi ya jina la mteja. Chora pleti tupu, tundu moja, pengo moja. Kazi ya kulipunguza faili mpaka libaki na shida peke yake ndiyo nusu ya uchunguzi, mara nyingine utalipata jibu mwenyewe kabla hujatuma.

Na yale waliyoendelea kuzungumza wao kwa wao, nimeyatazama kwenye ule ukurasa ulionitumia. Mmoja aliuliza kama ni "regression", yaani je zamani ilifanya kazi ikaharibika baadaye. Ikiwa ndiyo, wanatafuta badiliko lililoharibu kwa kugawa nusu kwa nusu, mabadiliko 1000 unajaribu la katikati, zima au bovu, unatupa nusu, unajaribu tena, majaribio kama 10 umelifikia lenyewe. Hiyo ndiyo "bisect". Mwengine alitaja PR namba fulani, hilo ni ombi la kuingiza msimbo mpya, na mwenzake akamwambia a-"rebase", maana shina limesonga mbele tangu alipoandika na sasa lazima aihamishie kazi yake juu ya shina la leo. Hakuna hata moja hapo lililokuwa juu yako. Walikuwa wanakusaidia, wamegeukiana tu kama mafundi wawili wanavyogeukiana juu ya injini iliyofunguliwa.

Rudi pale pale uandike, usifungue ripoti mpya: nilikuwa kwenye 0.19, haya hapa maandishi ya About, hili hapa faili dogo. Fungua faili, ingia skechi ya kwanza, ongeza pengo, toka. Nilitarajia tundu libaki juu, limekwenda ubavuni. Kisha jaribu hatua hizo hizo kwenye toleo jipya ukianza na faili jipya, useme imekuwaje. Ikiwa imepona waambie imepona na wafunge. Ikiwa bado linahama, hilo watalitaka sana, na nitumie na mimi hilo faili, nitalijaribu huku kwangu.

Kuhusu mteja mwambie kesho kutwa. Kuchora upya kwa njia ya bapa za asili pleti kama hiyo ni saa moja, saa mbili ukiwa mgeni wa jedwali, na kabla hujaipeleka karakana ichapishe kwenye karatasi kwa kipimo halisi, ibandike na gundi kwenye kadibodi, uipeleke pale boti ilipo uiweke kwenye injini yenyewe utazame kama bolti zinaingia.